Nchi Iliyosukumwa na Cheo

Mwenye masikio na ayatege, na mwenye simu mkononi ailaze kifudifudi kidogo, maana habari hii ni ya nchi nyembamba, na wembamba wake ndio kisa chenyewe.

Atupele alikuwa ametoka chuo kikuu juzijuzi, bado anaamini kwamba kila kitu kikipangwa vizuri watu watapendana. Kazi aliyoipata ilikuwa kupanga majedwali ndani ya programu za simu. Yeye anaandika msimbo, msimbo unachora mistari, safu na visanduku, na mtu akishika simu yake anaona kila jambo mahali pake. Kwa hiyo alipojikuta katika nchi ya Safuni (alifikaje, msimuulize, njia haikuwa na mengi, wenye mengi ni wenyeji), hakushangaa kama ambavyo wewe ungeshangaa. Aliitazama, akasema moyoni, "Ala! Hili ni jedwali."

Na kweli lilikuwa jedwali. Safuni ni ukanda wa ardhi, kushoto ukungu, kulia ukungu, na mtu anaweza kuuvuka kabla hajamaliza kutafuna pingili moja ya muwa. Kila kaya ina vyumba vitano katika mstari mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza ni chumba cha Jina, anamokaa mwenye nyumba. Kinafuata cha Cheo, linamotundikwa bango la cheo chake. Halafu cha Kofia, halafu cha Maoni. Mwisho kabisa ni chumba cha Haja, na humo huwekwa yule katika kaya anayehitaji kitu. Kaya nyingine iko chini ya hiyo, na nyingine chini yake, na vyumba vya aina moja ni lazima vilingane kuta kutoka mwanzo wa nchi hadi mwisho, ili atazamaye aone Kofia zote zimesimama safu moja kama askari wa gwaride. Nyumba zimejengwa juu ya magogo yanayobingirika. Sababu ya magogo tutaiona.

Aliyempokea ni Afisa wa Upana, mtu mpole aitwaye Masumbuko, mwenye kamba ya kupimia shingoni kama fundi cherehani.

"Karibu, binti. Tembea kwa mstari, usikate kona. Huku kukata kona ni kama kwenu kutukana."

Walipita kaya moja, Atupele akaona chumba kitupu kabisa, hakina hata mkeka, na mlangoni askari mwenye mkuki.

"Analinda nini?" akauliza.

"Analinda utupu. Kaya hii haina Kofia."

"Basi si mkiondoe tu chumba?"

Masumbuko akashika kifua. "Punguza sauti, mwanangu. Ukiondoa chumba, vyote vinavyofuata vinasogea kushoto. Kuna kaya iliwahi kusahau chumba cha Kofia. Maoni yao yakaingia kwenye Kofia, na Haja yao ikaingia kwenye Maoni. Msimu mzima waliomba maji, na msimu mzima serikali ikawajibu kwamba inaheshimu maoni yao."

Atupele alicheka, kisha akaona kwamba Afisa hacheki, akaacha.

Kadiri walivyoendelea ndivyo jambo moja lilivyozidi kumkera macho. Vyumba vya Cheo vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Mkulima mmoja bango lake lilisema "Mkulima" tu, nalo limening'inia kwenye pembe ya ukumbi ambao ungetosha kuchezea mpira. Na kweli, katikati walikuwamo vijana wakicheza mpira. Katika chumba cha Cheo cha fundi viatu zilianikwa karanga za mtaa mzima. Huku kulia, kwa sababu Cheo kimekula nchi, Kofia na Maoni vimebanwa ukingoni, na vyumba vya Haja vyote vimeshapita ukingo. Havikuonekana. Palikuwa na ukungu tu, na ndani ya ukungu sauti za watu.

"Ndugu Afisa, mbona safu hii ni pana hivi?"

"Upana wa safu huamuliwa na aliye mpana kuliko wote. Ni sheria. Na aliye mpana kuliko wote ni Mheshimiwa Magohe. Soma mwenyewe."

Atupele akasoma bango, huku akitembea, maana halikusomeka kwa kusimama. Liliandikwa: *Msimamizi Mkuu wa Wasimamizi, Mlezi wa Walezi, Mfungua Mikutano, Mfunga Mikutano na Mshauri Mwandamizi wa Mambo Yasiyohitaji Ushauri.*

"Si livunjwe liwe mistari miwili?"

"Cheo hakivunjwi," alisema Masumbuko, kwa sauti ya mtu anayesema jua halichomozi magharibi. "Tena leo alasiri anaongezewa kingine."

"Na wale walio kwenye ukungu?"

"Wapo! Nani amesema hawapo? Ila hawaonekani mpaka mtu avute."

Hapo ndipo Atupele aliposikia mtu akiita kwa nguvu. Katika chumba cha Jina cha kaya iliyo mbele yao kijana mwenye mabega ya kazi alikuwa ameinamia dirisha la kulia, mikono ameikusanya mdomoni.

"Mwanateee! Bado?"

Ukungu ukajibu, mbali, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka kujibu swali hilohilo: "Bado, Ngosha! Ikiwa tayari utanisikia bila kuuliza!"

Kijana yule, Ngosha, akageuka. Alimwona Atupele na kumsimulia yote kwa pumzi moja, kama wafanyavyo watu waliokosa msikilizaji. Mke wake Mwanate ni mjamzito, na siku zake zimetimia. Kwa kuwa anahitaji mkunga, amewekwa chumba cha Haja, kama sheria isemavyo.

"Si umfuate, kaka?"

"Jina halitoki chumbani, dada yangu. Likitoka, kaya haina mwenyewe. Jirani yangu alitoka kidogo tu kujinyoosha, akarudi akakuta mbuzi amesimama mahali pake. Mpaka leo mbuzi ndiye mwenye nyumba. Amepewa na cheo."

"Na mkunga?"

Ngosha akamtazama Afisa Masumbuko. Masumbuko akatazama kamba yake.

"Aliletwa," alisema Afisa. "Ila kulitokea... mkanganyiko mdogo."

Mkanganyiko wenyewe ulikuwa hivi. Kila msimu kuna Siku ya Kuvuta. Wananchi hushika kamba na kuivuta nchi nzima kuelekea kushoto juu ya magogo, mpaka vyumba vya Haja vitoke kwenye ukungu, na maafisa wapite wakiandika nani anahitaji nini. Ni sherehe kubwa yenye ngoma. Lakini nchi ikivutwa kushoto, safu ya Jina nayo huingia kwenye ukungu wa upande wa pili. Kwa hiyo maafisa huona haja zote waziwazi, mkunga, maji, dawa ya mafua, mpini wa jembe, ila hawaoni ni za nani. Hukadiria. Na msimu huu walikadiria kwamba mkunga ni wa kaya ya Mzee Chogo, mgane wa zaidi ya miaka sabini, aliyekuwa ameomba mpini wa jembe.

"Na mpini?" aliuliza Atupele, ingawa alishajua.

"Ninao!" ilisema sauti ya Mwanate kutoka ukunguni. "Mzuri sana! Wa mkwaju!"

Atupele alikuwa na moyo mwepesi wa kuamini kwamba jambo likielezwa vizuri litarekebishwa. Akaenda mbio kwa Mzee Chogo, ambaye naye alikuwa amewekwa ukunguni kwenye chumba cha Haja, mwanawe akishika chumba cha Jina. Alimkuta amelazwa kitandani kwa amri, mashuka safi, na pembeni Bi Mashavu mkunga, mwanamke mnene mchangamfu, akimpapasa tumbo.

"Leo unajisikiaje, babu? Uchungu umeanza?"

"Uchungu ninao tangu ulipoanza kunipikia uji usio na sukari."

"Ni kwa faida ya mtoto."

"Mama, mimi ni mwanamume! Nina ndevu!"

"Kila mjamzito ana maneno," alisema Bi Mashavu, kisha akamgeukia Atupele na kunong'ona kwa huzuni. "Dada, mimi si mjinga. Naona ni mzee wa watu. Lakini sheria inasema haja ikishafikishwa haiondoki mpaka itimie. Nikitoka hapa kabla ya mtoto kuzaliwa, sitakuwa mkunga tena popote. Na huyu babu hajaonyesha dalili hata moja."

"Kuna mwanamke anakuhitaji kweli."

"Najua yuko. Namsikia akiita. Lakini sauti ya ukunguni haina jina. Nitagonga vyumba vingapi? Nikikosea mlango, sheria itanishika huko nako."

Sasa Atupele alijua kinachotakiwa, na alijua hakuna muda. Akaenda Barazani.

Baraza la Safuni lilikuwa limejaa, maana ndiko cheo kipya kilikokuwa kinatolewa. Kabla ya sherehe ulikuwapo, kama kawaida, mjadala wa upana. Wajumbe wa Safuni wamegawanyika vyama viwili. Wanyooshaji husema kila safu ipanuke kadiri ya kilichomo, na ukingo ujitunze wenyewe. Wakataji husema kila kinachozidi kipimo kikatwe na kumaliziwa kwa nukta tatu. Ili kuishi kwa imani yao, Wakataji hukata hata hotuba. Kiongozi wao, Bwana Tendwa, alisimama, akakohoa, akasema:

"Ndugu wajumbe, suluhisho la kudumu la tatizo hili, ambalo nimelitafiti kwa miaka mingi na ninalo hapa, ni..."

Akaketi. Wenzake wakapiga makofi.

Mnyooshaji mmoja akadakia, "Mwaka jana mlimkata mama yangu! Sasa anaitwa Sikudha, na nukta tatu!"

"Nukta ni bure!" Mkataji akajibu. "Shukuru ni tatu!"

Mheshimiwa Magohe alikuwa amekaa kiti cha mbele, mtu mnene mwenye uso wa upole wa mtu asiyeambiwa kitu kwa muda mrefu. Mpiga mbiu akasimama, ngoma zikalia, na cheo kipya kikatangazwa, kiungwe kwenye bango la zamani bila kuvunjwa: *na Mwenyekiti wa Kamati ya Kupunguza Upana.*

Mafundi walipopigilia ubao wa nyongeza, safu nzima ya Cheo ilipanuka kwa mlio wa mbao. Magogo yakabingirika. Kutoka mwanzo wa nchi hadi mwisho wake Kofia zikasukuma Maoni, Maoni yakasukuma Haja, na vyumba vya Haja vikazama zaidi kwenye ukungu, hadi pale ambapo kamba za Siku ya Kuvuta hazifiki. Watu wakashangilia. Chini ya shangwe, mbali sana, ikasikika sauti ya Mwanate, na safari hii haikuwa inajibu swali la mtu.

"Ngoshaaa! *Sasa!*"

Atupele alisimama bila kuomba ruhusa.

"Waheshimiwa, mimi ni mgeni. Kwetu napanga majedwali kwenye simu, na simu ni nyembamba kama nchi yenu. Nilianza kama nyinyi, nikavipanga vyote kwenda kulia, na vya mwisho vikatoka nje ya kioo. Nimejifunza kwamba pakiwa pembamba, mstari haunyooshwi wala haukatwi. Unakunjwa. Vyumba vya kaya moja vinapangwa kimoja chini ya kingine. Jina juu, Haja chini yake, vingine vifuate. Atakayeona haja ataona na mwenyewe."

Pakazuka zogo.

"Nchi itakuwa ndefu!" alilia mmoja.

"Ndefu kwenda chini, mheshimiwa. Kule chini kuna ardhi tele, hamjaikanyaga kwa sababu mmekuwa mkitazama pembeni."

"Na kofia je?" aliuliza mzee mmoja. "Kofia yangu ikikaa chini ya haja yangu, haitakuwa sambamba na kofia ya jirani. Nitajuaje kama yake ni kubwa kuliko yangu?"

Hilo liliwagusa wote. Hata Wakataji na Wanyooshaji waliangaliana kama ndugu. Atupele aliona swali lile ni la haki kwa namna yake: jedwali ni la kulinganisha, na hawa hawakuwa wamejifunza kuonana kwa njia nyingine. Akamgeukia Mheshimiwa Magohe.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kupunguza Upana. Sikuombi nchi. Nakuomba mstari mmoja, wa Ngosha. Uwe jaribio. Kamati isiyo na jaribio hata moja, si watu watasema ni jina tu?"

Mheshimiwa alikitafakari cheo chake kipya, akaona hakina kitu ndani, na jambo hilo lilimsumbua.

"Jaribio," alisema polepole. "Jaribio halihitaji sheria. Sheria ndiyo huhitaji jaribio. Endeleeni."

Waliokimbia kwenda kwa Ngosha walikuwa wengi kuliko waliokubali. Kamba za Siku ya Kuvuta zilikuwa fupi, kwa hiyo waliunga kanga, mishipi na kamba ya kupimia ya Afisa Masumbuko, aliyeitoa shingoni mwake mwenyewe na kubaki akishikashika shingo kama aliyevuliwa nguo. Mstari ule mmoja ukavutwa, ukabingirika. Kofia ikashushwa, Maoni yakashushwa, Cheo kikatelemshwa chini kabisa, na chumba cha Haja kikatoka kwenye ukungu kikasukumwa mpaka kikakaa chini ya dirisha la Ngosha. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Safuni, mtu aliinama kutoka chumba cha Jina akaiona Haja ya kaya yake mwenyewe.

"Mke wangu!"

"Usiniangalie hivyo, niitie mkunga!"

Ila mkunga bado alikuwa na sheria yake. Na hapa ndipo Mzee Chogo alipofanya jambo ambalo Safuni watalijadili mpaka kiama. Alikuwa amesikia kila kitu. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akapiga ukelele uliowafanya mbuzi wakimbie, pamoja na yule mwenye nyumba.

"Uwiii! Mama mkunga! Ndio huo!"

Afisa aliyekuwa zamu akaja mbio na kalamu. Mzee Chogo akajipinda, akagumia, akajifuta jasho, kisha akatoa chini ya shuka boga moja la wastani, lililofungwa vizuri kwenye kitambaa.

"Limezaliwa," akasema kwa sauti dhaifu.

Afisa akalitazama. "Wa kiume?"

"Boga."

Bi Mashavu alilipokea, akaligonga kidogo kwa kidole, akasikiliza. "Lina afya," alitangaza. "Haja imetimia."

"Hongera, babu," alisema afisa, akaandika.

Bi Mashavu hakungoja wino ukauke. Alitoka na beseni lake, na katika Safuni nzima ulikuwapo mlango mmoja tu ambao jina na haja vilikaa pamoja. Hakuhitaji kugonga mwingine. Alipoingia, Mwanate alimwambia, "Umechelewa, lakini nimekusamehe, nilikuwa na mpini," na kilichofuata ni mambo ya wanawake wawili na mlango uliofungwa. Nje, hata Wakataji waliacha sentensi zao zimalizike. Kisha mtoto akalia.

Alilia kwa sauti ndefu isiyokatwa popote. Ngosha akatoka chumba cha Jina bila kuangalia kama kuna mbuzi karibu, akashuka kwa mke wake, na hakuna aliyemzuia.

Hakuna sheria iliyopitishwa siku ile. Baraza liliunda kamati ndogo ya kuitazama kamati. Lakini jirani wa Ngosha aliposimama pale akitazama kaya ile iliyokunjwa, alikumbuka kwamba kuna mama yake ukunguni aliyeomba miwani. Akaenda kuchukua kamba. Na wa chini yake akamwona. Kabla jua halijatua magogo yalikuwa yakibingirika kila upande, watu wakiitana, wengine wakicheka na wengine wakilia, wakirudishiana vitu vilivyokosea njia: huyu ana dawa ya yule, yule ana ndoo ya huyu. Mzee Chogo alipata mpini wake, akakataa kuliacha boga.

Ikafika mahali safu ya Cheo ikabaki na bango moja tu, refu, peke yake katikati ya uwanja. Mheshimiwa Magohe alisimama chini yake. Juu ya bango lile hapakuwa na cheo kingine, chini yake hapakuwa na kingine.

"Ni kirefu," alimwambia Atupele, kama anayeuliza. "Lakini kirefu kuliko nani?"

Atupele akamhurumia. "Tukunje na wako, Mheshimiwa?"

Wakavuta. Chumba cha Haja cha Mheshimiwa kilikuwa mbali kuliko vyote, maana kilisukumwa na bango lake mwenyewe. Kilipotoka kwenye ukungu kilikuwa kimejaa vitu: gurudumu la baiskeli, chupa za dawa ya mafua, ndoo, viatu vya mguu wa kushoto, kila kitu ambacho maafisa walikadiria kwa miaka yote. Katikati ya rundo lile mwanamke mwenye mvi alikuwa amekaa mkekani mbele ya sinia la ugali na mlenda, na mabakuli mawili ya kunawia.

"Huyu ni nani?" alinong'ona Masumbuko.

"Mke wangu," alisema Mheshimiwa, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Masumbuko, kwa mazoea ya kazi, akauliza, "Haja yako ni nini, mama?"

"Nimewaambia kila msimu," alisema mwanamke yule, bila hasira. "Mtu wa kula naye."

Mheshimiwa Magohe alivua viatu mlangoni. Kisha, kwa mazoea ya miaka mingi, kabla ya kuingia mahali popote, akanyoosha kifua na kuanza kujitambulisha:

"Mimi, Msimamizi Mkuu wa Wasimamizi, Mlezi wa Walezi, Mfungua..."

"Baba," mkewe akamwambia, akimsogezea maji ya kunawa, "chakula kinapoa."